Ukuta Unatoka Jasho, Wodi Haina Hewa: Maswali Yenu Kuhusu Hospitali za Zamani

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka Kigoma na Tabora, na karibu zote zinalia kilio kimoja: jengo la hospitali lililosimama miaka mingi bila matatizo makubwa limekarabatiwa, na baada ya ukarabati limekuwa baya kuliko mwanzo. Tumejibu zile zinazoweza kuwafaa wengi.

*

Mwakeye, wahariri. Kanisa letu lina hospitali ndogo ya tofali za kuchoma, kuta zake zina unene wa kama sentimita 45. Miaka mitatu iliyopita tulipiga plasta ya saruji ndani na nje, tukapaka rangi ya mafuta. Sasa rangi inavimba malengelenge, plasta inabanduka, na sehemu ya chini ya ukuta inatoa unga mweupe. Mkandarasi anasema tubandue, turudie kwa saruji yenye dawa ya kuzuia maji. Tumsikilize?
*Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, Kasulu*

Msimsikilize, Mwenyekiti. Akirudia hivyo, mtatuandikia tena baada ya miaka mitatu, na safari hiyo malengelenge yatakuwa yamepanda hadi usawa wa madirisha.

Kuta za namna hiyo nyingi zilijengwa kwa chokaa au kwa udongo, na chini hazina tabaka la kuzuia unyevu. Kwa hiyo maji ya ardhini hupanda ndani ya tofali kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Mafundi wa zamani walilijua hilo. Hawakuyazuia maji, waliyaachia njia ya kutokea. Chokaa ina vitundu, ukuta ulilowa kidogo masika na kukauka kiangazi. Saruji na rangi ya mafuta zimeziba njia hiyo. Maji yanatafuta upenyo juu zaidi, na chumvi iliyomo ndani yake inaganda nyuma ya plasta. Ikiganda inatanuka, na ikitanuka inaisukuma plasta na kuila tofali. Huo ndio unga mweupe mnaouona.

Kwanza hakikisheni kwamba kweli ni chokaa. Toboeni mahali pasipoonekana, mchukue kipande cha mchanganyiko kilicho kati ya tofali na tofali. Kikikwaruzika kwa msumari kirahisi, na ndani yake mkaona vipunje vyeupe kama punje za mchele uliovunjika, hicho ni chokaa. Kikiwa cha kijivu na msumari unateleza juu yake, ni saruji. Kikilainika kwenye kikombe cha maji, ni udongo. Kipimo cha ndimu ambacho mafundi wengi hukitumia hakitoshi, maana saruji nayo hutoa povu.

Kazi yenyewe ianze nje, tena chini, siyo kwenye ukuta. Zungukeni jengo mkitazama usawa wa ardhi. Miaka mingi ya kufagia, kumwaga kifusi na kupanda maua huinua udongo hadi ukapita usawa wa sakafu ya ndani. Uchimbeni ushuke angalau sentimita 15 chini ya sakafu hiyo, kisha upeni mteremko wa sentimita 5 kwa kila mita kuelekea mbali na jengo. Kama kuna ukanda wa zege umebandikwa kwenye ukuta, kateni sentimita 30 za mwanzo mjaze kokoto, ili ardhi iliyo karibu na ukuta ipate pumzi.

Halafu tazameni gata. Paa la mita 24 kwa 12 lina eneo la mita za mraba 288. Mvua moja ya milimita 50 hushusha juu yake lita 14,400 za maji. Bila gata, maji hayo yote yanaangukia kwenye msingi na kuurushia ukuta matope. Hakuna plasta duniani itakayoshindana na hilo.

Hapo ndipo mbandue plasta ya saruji, kutoka chini hadi nusu mita juu ya alama ya unyevu. Tumieni patasi na nyundo ndogo, mkiipiga kwa ubavu. Mashine ya kutindulia itaondoka na uso wa tofali, na tofali ya kuchoma ikishapoteza uso wake mgumu hunyonya maji maradufu. Chumvi isuguliwe kwa brashi kavu, ikusanywe kwenye turubai, ikatupwe mbali. Msiioshe kwa maji, mtairudisha ndani.

Sasa subirini, na hapa ndipo kamati nyingi huchoka. Kwa kukadiria, ukuta hukauka kama sentimita 2.5 za unene kwa mwezi, kwa hiyo ukuta wenu wa sentimita 45 ukilowa kabisa unaweza kuhitaji mwaka mmoja na nusu. Si lazima mngoje hadi mwisho, kwa kuwa plasta ya chokaa itauruhusu uendelee kukauka, lakini bandueni mvua zinapokatika mwezi Mei na msipige chochote kabla ya Agosti.

Mchanganyiko ni sehemu 1 ya chokaa kwa 3 za mchanga mkali, siyo mchanga laini wa ufukweni. Msikariri tu namba hiyo. Jazeni ndoo ya lita 10 kwa mchanga mkavu, mimineni maji kwa kipimo hadi yafike usawa wa juu wa mchanga. Maji yakiingia lita 3.3, basi chokaa ni theluthi. Yakiingia lita 4, mchanga wenu una nafasi kubwa zaidi na unataka chokaa zaidi. Chokaa ya mfuko iloweke ndani ya pipa kwa wiki mbili, ikiwa imefunikwa na maji juu yake. Kama mmepata chokaa isiyozimwa, yaani ambayo bado haijakutana na maji, mimina chokaa ndani ya maji, kamwe siyo maji juu ya chokaa: inachemka na kuruka, na jicho likiingiwa linapofuka. Miwani na glovu ni lazima, na ndoo ya maji safi ikae karibu.

Kwa kuwa chokaa hukawia kushika, mnaweza kuongeza unga wa tofali zilizochomwa kwa moto wa wastani, uliotwangwa na kuchekechwa kwa kitambaa: nusu sehemu kwa kila sehemu 1 ya chokaa. Jaribuni kwanza kwenye mita moja ya mraba.

Kwanguweni viungo vya tofali kwa kina cha sentimita 2 hadi 2.5, lowesheni ukuta kwa brashi, mjaze viungo. Kisha tabaka la kwanza la milimita 10 hadi 12, likwaruzwe likiwa bado bichi. Tabaka la pili ni la milimita 8 hadi 10, na la mwisho 3 hadi 5. Kati ya tabaka na tabaka ngojeni mpaka kidole kisibonyee ila ukucha uweze kuacha alama. Tundikeni magunia mabichi mbele ya ukuta kwa siku tano hadi saba. Plasta ya chokaa ikikauka kwa jua la kiangazi ndani ya siku moja hugeuka unga, na fundi atasema chokaa ni mbovu wakati kosa ni lake.

Rangi iwe chokaa iliyozimuliwa hadi iwe nyepesi kama maziwa, mikono mitano, kila mara juu ya ukuta uliolowanishwa. Wauguzi watalalamika kwamba haioshwi. Ni kweli. Kwenye kuta za ndani zisizogusana na ardhi yenye unyevu wekeni vigae au rangi ya kuoshwa hadi mita 1.5. Kuta za nje zipakwe chokaa upya kila mwaka. Ikiwa mbichi ina ukali wa pH zaidi ya 12, na vijidudu vingi haviwezi kuishi humo.

*

Mwangaluka. Nasimamia wodi ya wanaume kwenye jengo la zamani lenye urefu wa mita 24, upana 7, dari mita 4, madirisha manane ya mbao kila upande, vitanda 20. Mpango wa ukarabati unasema: tuzibe baraza la kusini liwe stoo, madirisha yawe ya alumini ya kuteleza, na dari ishushwe hadi mita 2.7 ili iwe nadhifu. Wagonjwa wa kifua ni wengi. Napaswa kukubali?
*Muuguzi kiongozi, Tabora*

Dada, ukikubali mambo yote matatu, utakuwa na wodi nadhifu inayoambukiza.

Wodi yako haina umbo hilo kwa bahati. Baada ya vita vya Crimea, vilivyopiganwa kati ya 1853 na 1856, muuguzi Mwingereza Florence Nightingale alisukuma sana ujenzi wa wodi nyembamba zilizotengana, zenye madirisha yanayotazamana kila upande na dari ya juu, ili upepo ukate katikati ya vitanda. Umbo hilo lilisambaa dunia nzima. Wakoloni walipolileta kwenye nchi za joto waliongeza baraza pana kuzunguka jengo, kama inavyoonekana hadi leo kwenye hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, iliyojengwa 1897. Nadharia ya wakati huo ya "hewa chafu" inayoleta magonjwa ilikuwa na makosa, lakini dawa waliyoiandika ilikuwa sahihi. Mwaka 2007 yalichapishwa matokeo ya upimaji wa vyumba 70 katika hospitali nane za Lima, Peru. Vile vya zamani, vyenye madirisha makubwa na dari ndefu, vilibadilisha hewa yote mara 40 kwa saa, milango na madirisha yakiwa wazi. Vyumba vya kisasa visivyo na mashine ya kupitisha hewa vilibadilisha mara 17.

Sasa tuifanyie hesabu wodi yako. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2009, lilitaka lita 60 za hewa kwa sekunde kwa kila mgonjwa kwenye wodi ya kawaida, na lita 160 pale penye magonjwa yanayoenea kwa hewa. Njia ya kukadiria ni rahisi: zidisha 0.65 kwa mwendo wa upepo (mita kwa sekunde), kwa eneo la uwazi wa upande ulio *mdogo* kati ya pande mbili (mita za mraba), kisha kwa 1,000. Jibu ni lita kwa sekunde.

Tuseme kila dirisha likifunguliwa lote linaacha uwazi wa mita 1.1 kwa 1.6, yaani mita za mraba 1.76. Manane ni 14.08. Upepo hafifu wa nusu mita kwa sekunde unakupa lita 4,576, na ukigawa kwa vitanda 20 kila mgonjwa anapata lita 228. Hiyo inazidi hata kiwango cha wagonjwa wa kifua kikuu, bila umeme.

Weka alumini ya kuteleza. Dirisha la namna hiyo halifunguki zaidi ya nusu, kwa kuwa kioo kimoja lazima kijifiche nyuma ya kingine. Umeshuka hadi lita 114. Ziba baraza la kusini kwa stoo ukibakiza madirisha mawili, na hata yakiwa yale ya mbao yanayofunguka yote, upande mdogo sasa ni mita za mraba 3.52. Unapata lita 57, chini ya kiwango cha wodi ya kawaida. Mawili hayo yakiwa ya kuteleza, ni lita 28. Na hatujahesabu wavu wa mbu, ambao ukishika vumbi huzuia upepo kama pazia. Uoshwe kila mwezi, na kila kitanda kiwe na chandarua chake.

Dari iachwe ilipo. Karibu na dari ya zamani kwa kawaida kuna matundu ya hewa au vidirisha vidogo vya juu. Hewa moto hupanda na kutokea hapo hata upepo ukilala usiku. Dari mpya ya mita 2.7 itayafunika yote, na joto la bati litakuwa limekaribia kichwa cha mgonjwa kwa mita nzima na zaidi.

Unachoweza kuwapa wenye mpango badala yake ni huu: madirisha ya mbao yatengenezwe. Mengi ya Tabora ni ya mninga, na mninga ukiukagua utakuta umeoza sentimita 10 au 15 za chini tu, pale maji yanapokaa. Kata sehemu iliyooza kwa mshazari, unga kipande kipya cha mninga kwa gundi isiyoshindwa na maji pamoja na vijiti vya mbao, badilisha bawaba, paka mafuta ya kitani. Na stoo ijengwe kando kabisa, isiguse baraza.

*

Nasoma ufundi ujenzi. Kwa nini hospitali za zamani mara nyingi zimelala mashariki–magharibi, na baraza zake ni pana hivyo? Mabaraza yetu ya sasa hayazidi mita moja.
*Mwanafunzi, Ujiji*

Kigoma na Tabora ziko karibu digrii 5 kusini mwa ikweta. Jua la adhuhuri mwezi Juni husimama upande wa kaskazini, digrii 61 na nusu juu ya upeo. Desemba husimama kusini, digrii 71 na nusu. Chukua ukuta wa mita 3 na ufanye hesabu ya pembe: ukuta wa kaskazini unahitaji kivuli cha mita 1.6 usiguswe na jua la adhuhuri ya Juni, wa kusini unahitaji mita 1 tu kwa Desemba. Baraza la mita 2.4 linatosha pande zote mbili, na bado machela mbili zinapishana.

Ukuta wa mashariki na wa magharibi hauna baraza la kuusaidia. Jua la asubuhi na la alasiri huja chini, linapita chini ya paa lolote. Ndiyo maana ncha hizo mbili za jengo zilifanywa fupi, mara nyingi bila dirisha, au zikapewa vyoo na stoo.

Na usisahau saa ya ukutani inatudanganya. Saa ya Afrika Mashariki inafuata mstari wa digrii 45 mashariki, Kigoma iko kwenye digrii 29 na nusu hivi. Kwa wastani jua linafika utosini saa 7 mchana na wala siyo saa 6. Tabora ni kama dakika 10 kabla ya saa 7. Kwa hiyo saa 11 jioni, mchoraji aliyekaa Dar es Salaam anapodhani jua limeshalegea, wodi ya Kigoma inayotazama magharibi bado inachomwa. Ukipanga vyumba, kipe upande huo kitu kisicholala mgonjwa.

*

Jengo letu lina ufa unaopanda kama ngazi kutoka kona ya dirisha. Kila mwaka tunauziba kwa saruji, kila mwaka unarudi. Kuna mwembe mkubwa mita sita kutoka hapo. Tuukate?
*Katibu wa hospitali, Tabora*

Msiukate bado. Ufa unaorudi kila mwaka mahali palepale unapumua na majira, na saruji mnayoijaza haiwezi kupumua nao. Kwanza ujueni. Bandikeni kipande chembamba cha kioo juu ya ufa kwa gundi kali ncha zote mbili, andikeni tarehe, au pigilieni misumari miwili, mmoja kila upande wa ufa, mpime umbali kati yake kwa kipimo cha milimita. Pimeni kila mwezi kwa miezi 12, ili mpate kiangazi kizima na mvua zote za Novemba hadi Aprili.

Ukifunguka kiangazi na kujifunga masika, ni udongo. Udongo mweusi wa mbuga husinyaa ukikauka na kuvimba ukilowa, na mwembe ulio karibu huzidisha kwa kuyanyonya maji ya upande mmoja wa msingi. Lakini mti wa miaka mingi ukikatwa ghafla, udongo uliokuwa mkavu hurudisha maji yake na kuvimba, na msingi huinuliwa. Punguzeni matawi kidogo kidogo kila mwaka, elekezeni maji ya paa mbali, halafu mwite mhandisi akiwa na vipimo vyenu mkononi.

Ukipanuka tu bila kurudi, tazameni linta, ile boriti inayobeba ukuta juu ya dirisha. Kama ni ya mbao, chomeni bisibisi kwenye ncha zake. Ikizama, imeliwa na mchwa. Ukuta ukingiwe nguzo kwanza, kisha wekeni linta mpya inayoingia sentimita 20 ndani ya ukuta kila upande. Ufa ujazwe kwa chokaa.

Kwa wasomaji wa Kigoma kuna neno la nyongeza. Ziwa Tanganyika limekaa ndani ya Bonde la Ufa, na tetemeko la tarehe 5 Desemba 2005 lilikuwa na ukubwa wa 6.8. Ukiona kwenye jengo la zamani fito za chuma zinazopita ukuta hadi ukuta na kuishia na kibao cha chuma nje, hizo si mapambo na si chuma chakavu. Zimeshika kuta zisitawanyike. Kuna waliozikata wakauza.

*

Paa letu ni la asbesto. Tuoshe kwa mashine ya presha kabla ya kupaka rangi?
*Fundi, Urambo*

Hapana! Mashine hiyo huchana uso wa bati na kurusha nyuzi ambazo mtu akizivuta zinaweza kumletea saratani miaka ishirini au arobaini baadaye. Bati zikiwa nzima, ziacheni. Zikiwa zimevunjika, ziondolewe zikiwa zimelowa maji yenye sabuni kidogo. Fungueni boliti badala ya kuvunja, zishushwe moja moja kwa mikono, zifungwe nailoni nzito mara mbili na kuandikwa. Wodi iwe tupu. Barakoa za hospitali hazizuii nyuzi hizo. Inatakiwa ile ya kuchuja vumbi laini, yenye alama ya FFP3. Kabla ya kuzifukia, pateni maelekezo ya Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira: wapi na vipi.

*

Sakafu ya wodi ni ile nyekundu ya zamani, inang'aa lakini ina mashimo. Tuweke vigae juu yake?
*Msomaji, Nzega*

Vigae na gundi yake vinaongeza sentimita 2 hivi. Milango itagoma, na kwenye kila kizingiti machela itaruka. Chongeni shimo liwe na kingo wima, lowesheni, jazeni saruji na mchanga 1 kwa 3 yenye rangi nyekundu ya unga isiyozidi sehemu 1 kwa 10 za saruji, funikeni kwa siku saba, kisha nta. Viraka vitaonekana. Vivumilieni.

*

Je, sheria inatukataza kubomoa jengo la wakati wa Wajerumani ili tujenge ghorofa?
*Mjumbe wa bodi, Kigoma*

Chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, jengo lililojengwa kabla ya 1863 linalindwa moja kwa moja. Lenye umri mdogo kuliko huo linalindwa likitangazwa na Waziri. Wajerumani walifika baadaye, na reli ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914, kwa hiyo jengo lenu haliwezi kulindwa kwa sababu ya mwaka lilipojengwa. Linaweza kuwa na ulinzi wa tangazo. Andikeni kwa Wizara ya Maliasili na Utalii, na jibu liwe kwenye faili kabla ya kusaini mkataba wowote.

Maoni yetu, Mzee: hospitali yenye eneo la kutosha ikijenga ghorofa pembeni na kuliacha jengo la zamani liwe kliniki ya nje au utawala, hupata vyote viwili. Vyumba vya upasuaji na maabara ndivyo vinavyosumbuka kwenye majengo haya. Wagonjwa wanaongoja kwa saa nyingi hawajapewa bado mahali pazuri kuliko baraza pana.

Hata mkiamua kubomoa, pimeni kwanza. Watu wawili na futi kamba ya mita 30 wanamaliza jengo dogo kwa siku mbili. Vuteni futi kamba moja kutoka kona hadi kona na msome kila mlango na dirisha kwa kufuatana bila kuiondoa, kwa sababu ukipima kipande kimoja kimoja makosa hujumlishana. Pimeni mishazari miwili ya kila chumba, maana vyumba vya zamani mara nyingi si mraba kamili. Choreni kwa skeli ya 1:50, pigeni picha kila ukuta mkiwa mmesimama mkabala nao, na fito yenye alama za kila sentimita 10 iwe ndani ya picha.

*

Hospitali yetu ilijengwa kwa kumbukumbu ya marehemu. Mlangoni pana jiwe la marumaru lenye maandishi yaliyofifia na bamba la shaba. Kijana amelisugua bamba kwa ndimu na mchanga, sasa linang'aa lakini herufi zimepungua. Na jiwe tulisafishe hivyo hivyo?
*Mama mlezi wa hospitali, Mwanga, Kigoma*

La, Mama, tafadhali mzuie leo hii. Marumaru huyeyuka kwa kitu chochote kichachu: ndimu, siki, tindikali ya chooni. Povu litakaloonekana ndilo jiwe lenyewe linaloondoka.

Jiwe hilo lina kazi kubwa kuliko pambo. Hospitali za kumbukumbu zilijengwa kwa michango na wosia, na maandishi ya mlangoni mara nyingi ndiyo ushahidi pekee ulio wazi kwa watu wote wa nani alitoa, kwa ajili ya nani, na jengo lilikusudiwa kazi gani. Kule Unguja, jiwe la msingi la zahanati ya Tharia Topan liliwekwa 1887, mwaka wa jubilii ya Malkia Victoria. Mfadhili alifariki 1891 jengo halijakwisha, na mjane wake ndiye aliyelimaliza. Uingereza nako, miji midogo ilianza kuwa na hospitali ndogo za vitanda vichache tangu ile ya Cranleigh ya 1859, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza mingi ilijenga hospitali badala ya mnara kwa ajili ya vijana wake waliokufa. Kwa hiyo jengo zima ndilo kaburi lenye faida, na jiwe ndilo jina juu yake.

Kabla ya kugusa chochote, nakilini maandishi. Fungeni pazia, washeni tochi kwa ubavu, karibu sambamba na jiwe, mpige picha tochi ikiwa kushoto, kisha kulia, kisha juu. Herufi ambazo macho hayazioni mchana zitajitokeza kwa vivuli vyake. Andikeni kama zilivyo, na makosa yake ya tahajia.

Jiwe lioshwe kwa maji safi na brashi laini ya nywele, kuanzia chini kwenda juu ili michirizi ya uchafu isikaushwe juu ya sehemu kavu, kisha lisuuzwe kuanzia juu. Sabuni kama lazima iwe ya vyombo, matone machache kwenye ndoo. Herufi zilizokuwa na rangi zijazwe upya na mchoraji mwenye mkono mtulivu, kwa rangi inayofanana na mabaki yaliyomo kwenye kona za herufi. Zisichongwe upya. Patasi ikipita mara ya pili, mwandiko wa fundi wa kwanza umekwisha.

Bamba la shaba liachwe lififie kidogo. Kitambaa laini na nta ya nyuki isiyo na rangi, mara mbili kwa mwaka, vinatosha. Angalieni skrubu zake: kama ni za chuma zinaliwa na kutu haraka kwa sababu zinagusana na shaba. Toeni moja moja mweke za shaba, bila kulishusha bamba lote. Na kama bamba limefungwa kwenye ukuta wa nje unaotoka jasho, wekeni nyuma yake vipande vidogo vya plastiki ngumu vyenye unene wa milimita 6, ili hewa ipite kati ya bamba na ukuta.